Kiwanda Nilichokisainia Bila Kukiona

Siku niliyoripoti kazini chuoni, Mkuu wa Idara alinipokea na ndoo ya samaki, perege kutoka Bwawa la Mtera. Barafu ilikuwa imeyeyuka njiani. Alimnyanyua mmoja, akafunua mashavu yake, akaniuliza, "Mama, huyu utamfundishia nini?"

Nilimjibu kwamba mashavu yamegeuka kahawia, macho yamezama, na nyama ukiibonyeza hairudi. Huyo ni wa kufundishia uharibifu.

"Vizuri. Hapa Dodoma hatuna ziwa wala bahari. Tuna pua, macho na vidole. Ukiwafundisha kwa vitabu peke yake, watakwenda kuua watu."

Ndivyo nilivyofundisha shahada ya sayansi ya samaki kwa miaka mingi. Vijana wengi walitoka katika nyumba za uwele na mtama, na samaki waliyemjua ni yule mkavu wa gulioni. Niliwafundisha kutoa minofu, yaani kuitenga nyama na mifupa kwa kisu chembamba. Niliwafundisha kupima joto katikati ya nyama, si juu ya ngozi, na kulinda mnyororo wa baridi tangu botini hadi sokoni, kwa maana samaki akishaharibika kwa joto, barafu ya baadaye haimponyi.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alikwenda kiwandani kwa mafunzo kwa vitendo. Kabla hajaondoka, mkufunzi alitakiwa kukikagua kiwanda na kusaini fomu. Mkuu wa kwanza alisafiri mwenyewe kuvikagua. Alipostaafu akaja wa pili, mtu wa vikao. Mwaka ule gari la idara lilikuwa bovu, limewekwa juu ya mawe.

"Madam, we saini tu," akaniambia. "Wanafunzi wanasubiri, na kiwanda kina cheti."

Nilisaini fomu tisa asubuhi ile. Moja ilikuwa ya Sechelela.

Sechelela alikuwa binti wa kijiji cha Haneti, mtoto wa mkulima. Nilimpanga kwenye kiwanda kimoja cha kanda ya ziwa. Darasani hakuna aliyemfikia kwa kunusa. Wenzake walikuwa wakimwita Mkaguzi, na ukaguzi ndio kazi aliyoitaka.

Wiki ya tano alinipigia simu. "Shikamoo, Madam. Kuna harufu karibu na mitambo ya baridi. Inachoma macho."

Nilijua ni nini. Viwanda vikubwa hugandisha samaki kwa amonia inayopita kwenye mabomba. Ikivuja hukimbilia penye unyevu, na jicho lina unyevu.

"Umemwambia msimamizi?"

"Nimemwambia. Anasema wageni wote hulalamika."

Nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Nikamwambia, "Usikae karibu napo. Vumilia, mwanangu, zimebaki wiki tatu."

Siku ya nne baada ya simu ile, bomba likapasuka. Wafanyakazi walikuwa na barakoa za gesi, yeye hakupewa. Fundi mmoja alimburuta nje akiwa hai. Macho hayakupona.

Mkuu wa Idara aliniita niandike taarifa. "Tahadhari za amonia ulimfundisha?"

"Nilimfundisha."

"Basi andika hivyo, uishie hapo."

Nikaandika hivyo, nikaishia hapo. Kila neno lilikuwa kweli, na taarifa nzima ilikuwa uongo, maana aliyeisoma alimwona binti mzembe. Kiwanda kiliifanya ngao. Idara ikasalimika. Mimi nikapandishwa cheo, nikawa mratibu wa mafunzo kwa vitendo.

Tangu hapo nilipanda basi kwenda kukiona kila kiwanda, na vitatu nikavikataa. Mkuu wa tatu, mama mmoja mkali, alinisifu mbele ya kikao kizima kwa uangalifu wangu. Sikuweza kuvumilia sifa ile. Nilimfuata ofisini nikamweleza yote.

Akaniuliza, "Mbona unaniambia mimi? Si mimi niliyepofuka. Andika upya, kisha nenda Haneti."

Niliandika barua ya kuisahihisha taarifa ile. Nikaondolewa kwenye uratibu, nikamalizia utumishi wangu katika stoo ya maabara, nikiosha visu na kutunza vipimajoto. Barua yangu iliwekwa kwenye faili. Kiwanda hakikujibu.

Haneti nilimkuta Sechelela uani, akichambua mtama kwa vidole, akitoa vijiwe. Baba yake alinishukuru kwa kuja, na shukrani ile ilinichoma kuliko tusi. Niliposalimu tu, binti akageuza uso kuifuata sauti yangu. "Shikamoo, Madam."

Niliwasomea barua neno kwa neno: kwamba kiwanda sikukiona, kwamba alinipigia simu, kwamba kosa halikuwa lake. Mzee aliinuka, akatoka uani. Sechelela aliendelea na ungo wake.

"Mimi nilijua si kosa langu," akasema mwishowe. "Ila siku ile nilipokupigia, Madam, nilitaka useme neno moja tu. Rudi. Ningerudi."

Nilikaa naye mpaka mtama ukaisha, nikaenda zangu stendi.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mnaofundisha leo sina ushauri mwingi wa kuwapa. Mwanafunzi akikwambia kitu kinamchoma, mwambie arudi. Shahada yake itachelewa mwaka mmoja, na mwaka mmoja si kitu. Sechelela haoni; ana miaka ishirini na tisa tu, na watu wa ukoo wao huishi sana.