Bulu ya Chumba cha Mama

Mwanangu, weka kopo la rangi chini kwanza, ukae hapa karibu unisikilize. Nakumbuka siku moja, mimi na mke wangu Sakina tukiwa bado wageni katika ndoa, tulipokuwa tunamwandalia mama yangu chumba hapa Kolwezi. Tulikuwa tumetoka kumzika baba huko Lubudi. Mama alikubali kuja kututembelea tu, kisha arudi akaishi peke yake. Sakina hakutaka arudi. Kwenye msiba alikuwa ameona chumba cha baba na mama kimepakwa rangi ya bulu, na alisema mama akiamka akauona ukuta kama ule, huenda moyo wake utatulia.

Dukani tulikuta bulu mbili zilizofanana kama mapacha. Mimi nilikwisha kushika kopo la karibu. Sakina akaomba kidogo ya kila moja, na tulipofika nyumbani akapaka viraka viwili kwenye ukuta wa chumba, akaketi kungoja.

"Sakina, hii na ile njo moja tu. Unangojea bizae watoto?"

Akacheka. "We, hata bangekupa dada yangu, ungesema njo Sakina tu! Ku magazini, kule tulinunua, chini kuko simenti. Huku kwetu udongo mwekundu unaingia mpaka mu dirisha."

Kweli, jua lilipopiga uani, wekundu wa ardhi yetu ukaakisika mpaka ndani, na ile bulu yangu ikageuka zambarau. Ya pili ikabaki bulu tulivu. Giza lilipoingia akawasha taa, akaitazama tena. Nilimstaajabia, mwanangu, na hadi leo namstaajabia. Hakuwa amemzoea mama, lakini alijitahidi kuona chumba kwa macho ya mama.

Tukapaka hiyo ya pili, mama akafika. Asubuhi ya kwanza alikaa kitandani akiutazama ukuta, nasi tuko mlangoni tunaogopa kuuliza. Kisha akaita, "Sakina, mutoto wangu, leta musumari. Picha ya tata yenu itakaa hapa."

Tukaitundika picha ya baba, na mama hakurudi Lubudi.

Mungu aijaze nyumba yako watu wanaopenda kukaa. Na leo usipake ukuta mzima. Paka kiraka cha ukubwa wa kiganja kwa kila rangi, ngoja vikauke, fungua dirisha, uvitazame asubuhi, mchana, na taa ikiwaka. Halafu mwite atakayelala humo, achague yeye.