Leo nimemwonea wivu Mama Joel

Jamani, leo wivu umenitoa machozi mbele za watu.

Nilikuwa kliniki ya masikio na binti yangu, Akinyi. Hasikii kabisa, tunaongea kwa mikono.

Mara Joel, mtoto wa jirani yetu hapa Kasubi, akaita, "Mama!"

Amevaa mashine mpya za kusikia masikioni. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu, lakini moyo unawaka. Neno hilo nimelisubiri tangu nimzae Akinyi!

Akinyi akanivuta, akanisimulia kwa mikono jinsi bata alivyomkimbiza mwalimu wao. Nikacheka mpaka kitenge kikafunguka.

Kuinua macho, Mama Joel ananitazama, hacheki.

"Nyabo, mama mwenzangu, nakuonea wivu," akasema. "Wangu ana neno hilo moja tu. Tangu asubuhi analia, sijui analilia nini."



Akinyi akamwendea Joel, akamwuliza kwa mikono, uso ukiwa umekunjamana kama anayeumia: wapi panauma?

Joel akagusa sikio.

Mama yake akaitoa mashine. Nyuma ya sikio palikuwa pamechubuka, pekundu. Akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Wivu wangu haujaisha, siwadanganyi. Ila kesho Mama Joel anakuja kwangu kujifunza ishara.

Akina mama, nanyi mnamwonea nani wivu? Semeni ukweli.