Watoto Mia na Kumi na Wanane wa Mivinjeni

Mwalimu Kibwana wa Mivinjeni, kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Bodo, alikuwa mtu wa vipimo. Ukimuuliza Waa ni mbali kiasi gani, hakusema mbali. Alitaja saa na dakika, kisha akakutazama miguu na kuongeza dakika kumi. Watu walimwita Bwana Rula, na jina lile lilimpendeza kuliko alivyokubali kuonyesha.

Mwaka 1956 mkaguzi wa shule, Mzungu, alimwita Kwale. Wazee wa Mivinjeni walikuwa wameomba shule, maana watoto wao walitembea hadi Msambweni na kurudi. Sharti lilikuwa moja: kijiji kiwe na watoto mia au zaidi wa umri wa kusoma. Mzee Chirau, mkuu wa kijiji, alikwisha kupeleka orodha ya majina mia na kumi na wanane, yaliyoandikishwa nyumba kwa nyumba. Sasa mkaguzi alitaka watoto ishirini wapimwe, ijulikane shule ianze na darasa gani.

"Usichague wewe, wala asichague mzee," alisema mkaguzi. "Kila jina liwe na nafasi sawa."

Kibwana alirudi na maneno yale kama mtu aliyebeba mayai. Mzee Chirau alikuwa na maoni yake.

"Ishirini tu? Nitakuletea wale wa chuoni, walio mbele kwa kusoma Kurani. Wanasoma mpaka mbuzi wanaacha kula."

"Nikichukua hao, mzee, nitakuwa nimempima maalimu, si kijiji."

"Kwani mgeni akija, unamchinjia kuku aliyenona au unafumba macho ukapapasa bandani?"

"Huyu anataka tupapase."

Mzee aliwahurumia Wazungu kimyakimya, akamruhusu.

Kibwana alifikiria kuchukua kila jina la sita. Lakini kila mwenye nyumba alikuwa ameanza na mkubwa akamalizia na mdogo, naye alichelea hesabu isije ikawaangukia wadogo watupu. Akakata vikaratasi mia na kumi na vinane, kila kimoja na jina lake, akavitia ndani ya pakacha, akavikoroga. Mbele ya wazee akafumba macho, akatoa ishirini. Bwana mmoja aliuliza kama hiyo si ramli. Akajibiwa kwamba ramli huwa na ada.

Siku ya kupima, Kibwana aliketi barazani pa chuo na daftari lake. Aliita jina la kwanza, Biasha, nyumba ya Tsuma. Msichana wa miaka tisa akaja, akasoma, akahesabu hadi mia bila kukohoa. Baada ya watatu wengine akaita Biasha, nyumba ya Bibi Mwanapili. Akaja yule yule.

"Wewe ulikwisha kupita."

"Umeniita, mjomba."

"Nimemwita Biasha wa Bibi Mwanapili."

"Si mimi? Leo nimekula uji kwake."

Akamkalisha pembeni. Jina la kumi na moja akalisoma polepole, kwa kuwa alimkumbuka aliyeliandikisha: Biasha, nyumba ya Kibwana. Alikuwa yeye mwenyewe. Msichana alikwisha kusimama mbele yake, mikono nyuma, akingoja kuhesabu tena.

Mama yake Biasha, Mwanasha, alikuwa dada yake Kibwana, na Bibi Mwanapili ndiye aliyewazaa wote wawili. Tsuma alikuwa baba. Orodha ilipopita, baba aliandikisha watoto wake. Bibi akaandikisha waliolala kwake. Na mjomba, kama mjomba yeyote wa Kidigo mwenye akili zake, ajuaye kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama, akaandika watoto wa dada yake kabla ya wale aliowazaa. Hakuna aliyesema uongo. Siku zile mtoto alikuwa na nyumba tatu na sufuria tatu, na zote alizifunua bila kubisha hodi. Leo ana nyumba moja, na funguo wanazo wakubwa.

Majina ishirini yalitoa watoto kumi na wanne. Jioni Kibwana alipita kila nyumba na swali moja tu: jana usiku mtoto gani alilala hapa? Akapata sabini na mmoja.

"Sabini na mmoja si mia," alisema Mzee Chirau.

"Ndiyo, mzee."

"Ile orodha ya kwanza mkaguzi ameikubali?"

"Ameikubali."

"Basi wewe una ugomvi na nani?"

Kibwana alijua wangejengewa madawati ya watoto mia, na mwaka wa pili mtu angekuja kuyahesabu matupu, akaifunga shule. Alimweleza mzee hivyo. Mzee akasema mwaka wa pili una Mungu wake.

Mwanasha naye alisikia, akaja na buibui lake mkononi.

"Kaka, nimesikia umewafuta wanangu nyumbani kwako. Wamekukosea nini?"

"Nimewafuta kwenye karatasi tu, dada."

"Na wewe unaishi wapi siku hizi, kama si kwenye karatasi?"

Hata hivyo Kibwana aliipeleka hesabu ya sabini na mmoja. Mkaguzi akamwambia akaulize swali lile lile kijiji cha jirani, kilichokuwa kimejiandikia mia na wanne. Walipatikana arubaini na sita. Vijiji viwili vikaunganishwa, na shule ikajengwa katikati, kichakani, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutaka kwenda. Kila kijiji kililalamika kwamba kimeonewa kwa nusu saa ya mwendo. Kibwana alikwisha kuupima: dakika ishirini na mbili.

Rejista ya shule ilikuwa na nafasi moja ya jina la mzazi. Wiki ya kwanza Bibi Mwanapili alitembea dakika zake arubaini, akaomba aonyeshwe walipoandikwa wajukuu zake. Kibwana akamsomea: Biasha, binti Tsuma.

"Na mimi niko wapi hapo?"

Mwalimu aligeuza ukurasa, akaurudisha. Akavuta kiti, akamkaribisha mama yake aketi.

"Sikuja kuketi," alisema, akajifunga leso vizuri, akaanza kurudi.