Mama Adelina Akaa Mbele

Marietha, au Mama Adelina kama anavyojulikana Kiwalani, fundi cherehani, alikuwa bingwa wa kuanza. Alianza kuruka kamba, akaacha. Alianza maji ya ndimu kila asubuhi, siku ya nne yakamshinda. Kwa hiyo daktari alipomwambia presha imepanda na mazoezi ni lazima, naye akajiunga na klabu ya jogging ya mtaani, mumewe Petro alicheka mpaka akashika mlango.

"Nguvu ya soda hiyo, Mama Adelina. Mie nakujua."

Kilichomuuma ni kwamba hata yeye alijijua. Jumapili sita alitoka na wenzake alfajiri kuelekea Uwanja wa Taifa, na zote sita pumzi zilimwishia kwenye kituo cha mafuta, akamalizia safari kwa bajaji huku kainamisha uso. Ya saba akajiapia: leo nisipofika kwa miguu yangu, klabu basi.

Asubuhi hiyo Suhaib, mwimbishaji wao wa mchakamchaka, alikuja hana sauti; yote aliimaliza harusini kwa dada yake. Kondo, katibu wa klabu, akamgeukia Marietha.

"Mama, si wewe unaanzishaga nyimbo kanisani? Kaa mbele."

"Mie? Nitawachelewesha, mwanangu."

"Tucheleweshe. Anza."

Na klabu ile ina mwiko wake: mwimbishaji hapitwi, na maadamu yuko barabarani hakuna wa kumpokonya wimbo. Basi vijana wenye mapaja ya chuma wakajipanga nyuma ya mama mnene wa miaka hamsini na mbili, wakaenda mwendo wake, wakiitikia kwa adabu zote. Naye alichangamka, jamani! Mpaka wauza chapati wakasimama kumwangalia.

Kituo cha mafuta kilipotokea, kifua kikambana. Akanyamaza. Nyuma yake vishindo vya viatu vikaanza kulegea. Akitembea yeye, wote watatembea. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku zote aliamini wanaomaliza wamezaliwa na moyo ambao yeye kanyimwa. Sasa watu ishirini walikuwa wanamsubiri atoe neno moja tu. Akalitoa: "Haya!" Wakaitikia. Akavuta pumzi, akatoa la pili. Wimbo ulishamtoka kichwani. Alibakiwa na neno, hatua, neno tena. Kituo alikipita bila hata kukitazama.

Uwanjani alikaa chini vumbini, akalia waziwazi, na hakuna aliyemcheka. Suhaib alimletea maji, akasema kwa sauti yake ya kukwaruza, "Umetutoa kimasomaso, mama. Ila Jumapili ijayo narudi mbele, tutaenda kasi."

"Nendeni kasi zenu, baba," Marietha alisema, akijifuta machozi kwa kiganja. "Mie nitakuja nyuma. Msinisubiri njiani. Ila msitawanyike kabla sijafika."