Joka la Viroba na Chungu cha Wifi

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, alipomaliza kidato cha sita alirudi hapa nyumbani Kizwite akaniambia anatengeneza sinema.

"Sinema ya nini?"

"Ya joka, bibi. Linatoka Ziwa Rukwa, linapanda mlima, linakuja kummeza mfalme."

"Na mfalme ni nani?"

Akanitajia jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Jirani yule ni mtu mwema, lakini kuku wangu wakiingia uani kwake ni yeye anayekimbia.

Majina ya watu wote waliohusika na mambo haya ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya watoto waliokuwa wamebebwa mgongoni siku sinema ilipoonyeshwa ukumbini. Siyaandiki. Bado tunakutana kanisani.

Joka lenyewe lilishonwa hapa barazani kwangu, kwa viroba vya mbolea. Walilipaka rangi ya kijani, wakaliwekea macho ya taa za pikipiki, na ndani wakaingia vijana wa bodaboda, mmoja kichwa, mmoja tumbo, mmoja mkia. Rangi haikutosha. Ukilitazama vizuri ubavuni ulikuwa unasoma: HIFADHI MBALI NA WATOTO.

Walienda kupiga picha kule ambako nyanda zetu zinakatika ghafla, na bonde la Rukwa linaonekana chini kabisa kama mkeka uliosahaulika juani. Kilikuwa kiangazi, na upepo wa huko mnaujua. Mfalme alivishwa shuka moja begani. Askari wake, wenye mapanga ya bati, walitetemeka kuanzia asubuhi, joka likiwa bado limelala kwenye gari. Mjukuu akasema, "Poa, endeleeni hivyo hivyo, mnaonekana mna hofu."

Sasa mwanangu, baba yake, ni mtumishi wa serikali mjini. Alishaamua siku nyingi kwamba binti aende Mbeya kusomea uhasibu. Jumapili moja alikuja kula kwangu, mjukuu akafungua kompyuta akatuonyesha kipande cha joka likitoka majini, walichokipiga kule ziwani. Hakikuwa na sauti yoyote. Joka lilitoka, likajikwaa, tumbo likatangulia mbele ya kichwa. Mwanangu alicheka mpaka ugali ukampalia, nikampiga mgongoni huku na mimi machozi yananitoka.

Mtoto wa watu hakucheka. Alifunga kompyuta polepole.

"Sikiliza," baba yake akasema alipopata pumzi. "Mimi si mtu mbaya. Onyesha sinema yako mbele ya watu. Mtu mzima mmoja tu akiliogopa joka hilo, nakuacha uendelee na mambo yako. Asipopatikana, unapanda basi la Mbeya. Uhasibu."

"Mtu mmoja tu, baba?"

"Mmoja. Na bibi yako asihesabiwe, atakudanganyia."

Alipoondoka, mjukuu akaja kukaa nami jikoni.

"Bibi, tatizo si joka. Tatizo ni muziki. Hata majoka ya wenzetu, ukiyaondolea muziki ni kama ng'ombe tu anatoka kunywa maji. Kinachotisha ni okestra."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Watu wengi wamekaa pamoja, wana fidla, wana tarumbeta, wana ngoma kubwa. Mbele yao anasimama mtu ana kijiti."

"Cha kuwachapa?"

"Cha kuwaongoza, bibi."

Akanisikilizisha fidla alizozipata kwenye kompyuta, akitumia ile spika yake ndogo. Nilisikia mbu ndani ya chandarua. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo maana nataka watu wa kweli."

Watu wa kweli tuliowapata ni kwaya ya parokia, na mimi nikiwemo. Mwalimu wa kwaya ni kijana wa Mbeya aliyehamia kwetu kikazi, ana kinanda chake na ana subira nyingi. Tulipata pia mzee mmoja aliyewahi kupiga tarumbeta zamani. Tarumbeta bado anayo, ila kitufe kimoja kimeganda, kwa hiyo kuna sauti haipatikani. Kila wimbo ukifika hapo yeye anaitoa tarumbeta mdomoni, anasubiri ipite, anaendelea.

Mwalimu alisimama mbele yetu na kalamu badala ya kijiti. "Mama zangu, leo hakuna maneno. Tunaimba 'Aaa' tu. Joka linakaribia, nanyi mnasema 'Aaa'."

"Aaa ya nini?" akauliza wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye husimama sauti ya pili na hajawahi kukubali jambo lolote mara ya kwanza.

"Ya kutisha tu, mama."

"Mtu ataimbaje bila neno? Anaumwa jino?"

Tukajaribu. Aaa ya kwanza ilitoka vizuri, mpaka mwisho wake ambapo kina mama wa nyuma, kwa mazoea, wakamalizia na "Aleluya". Mwalimu akaomba turudie. Tukarudia. Safari hii ikatoka "Amina".

"Mama zangu, joka halijabatizwa!"

"Basi ndiyo tunalibatiza," wifi akasema, na mazoezi yakafia hapo kwa vicheko.

Tulipata Aaa zetu hatimaye, na fidla za kompyuta zikajificha vizuri nyuma yake. Mfalme anaaga familia yake, ukisikia unataka kulia. Lakini joka likitoka majini, bado lilikuwa ng'ombe. Mjukuu alisema inakosekana sauti ya chini, ile inayoingia kwa kupitia miguuni. Kinanda kilijaribu kikatoa mlio wa nyuki ndani ya kopo. Mzee wa tarumbeta alijaribu, ikawa ndiyo ile sauti isiyopatikana.

Basi mimi nikakumbuka chungu cha wifi. Ni chungu kikubwa, cha kupikia pombe ya ulezi, amerithi kwa mama yake kule Mpui. Kwetu Ufipa chungu kama hicho hakipiki pombe tu. Unakiweka chini, unachukua kigoda, miguu ya kigoda unaikaza kwenye ukingo wa chungu, unasugua. Chungu kinanguruma. Hicho ndicho kinachopigwa kwenye harusi, na kila bibi wa nyanda hizi anajua namna ya kukiamsha.

"Wifi," nikamwambia, "tuletee chungu chako."

"Kikivunjika?"

"Kikivunjika utanichukua mimi nikupikie pombe."

"Wewe? Pombe yako hata nzi haingii."

Lakini alikileta, kichwani, kimefungwa kwa kanga mbili kama mgonjwa. Akapiga magoti, akaloweka mikono, akashika kigoda. Alipoanza kusugua, kwanza chungu kilikoroma kidogo. Halafu kikapata sauti yake. Vikombe vya kabatini vikaanza kugongana. Mwalimu wa kwaya akasogea mlangoni, akasema, "Ninyi Wafipa jamani, hiki kitu mnakiitaje?" Mjukuu alikuwa ameshika simu ya kurekodia kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka.

"Bibi! Hii ndiyo besi!"

Wifi akajifuta jasho. "Iambie hiyo okestra ya wenzao ije ijifunze."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili, ukumbi wa parokia. Madirisha yalizibwa kwa nailoni nyeusi, shuka langu jeupe likatundikwa mbele, na mjukuu akaazima spika kwa wale vijana wanaopiga muziki wa harusi, spika ndefu kuliko mimi. Watu walijaa. Wengine walitoka Chala, walikuwa wamekuja mjini kununua vitu wakasikia kuna joka. Mwanangu alikaa kiti cha mbele pembeni yangu, amevaa koti, amekunja mikono kama mtu anayesimamia mtihani. Mjukuu alisimama nyuma kwenye mtambo. Nilimwona akishika rozari.

Mambo yalianza vizuri. Fidla zikalia, watu wakatulia. Mfalme alipoingia na shuka lake, wazee wa ukumbini wakamwamkia kama inavyompasa mtemi, wameinama, wanapiga makofi taratibu. Mwenye mashine mwenyewe alikuwa amekaa katikati yao, akajikuta anaitikia.

Halafu maji ya ziwa yakatikisika, na chungu kikaanza.

Nawaambia, kwenye spika ile hakikuwa chungu tena. Benchi lilitetemeka chini yangu. Mtoto mmoja akalia. Macho ya taa yakatokea gizani, na ukumbi mzima ukawa kimya, hata kikohozi hakuna. Nikamwangalia mwanangu kwa jicho la pembeni. Miguu yake haikuwa sakafuni. Alikuwa ameipandisha kwenye kiti, yote miwili, na viatu vyake vya ofisini. Nikasema moyoni, tumeshinda.

Ndipo bibi mmoja aliyetoka Mpui, safu ya tatu, akasimama na kujifunga kanga kiunoni.

"Eee!" akasema. "Hicho chungu ni cha kwetu!"

Akapiga kigelegele, akatoka kwenye benchi akicheza. Wa pili akamfuata. Wa tatu alikuwa wifi, ambaye alisahau kabisa kwamba anayepiga ni yeye. Ikawa harusi. Wanawake walijaa mbele ya shuka, vivuli vyao vikapanda juu ya sinema, na joka likawa linatoka majini kati ya viuno. Mfalme anakimbia, wao wanacheza. Joka linafungua mdomo limmeze askari, wao wanalipigia vigelegele. Bibi mmoja alichukua kanga yake akaenda kulipangusa joka jasho usoni, pale pale kwenye shuka, kama tunavyompangusa bwana harusi. Kila chungu kilipozidi kunguruma, wanaume nao wakazidi kuinuka. Sikumbuki mfalme alikufa saa ngapi.

Mimi? Nami nilicheza. Ukiwa Mfipa na chungu kinakuita, ungefanya nini?

Sinema ilipokwisha watu walipiga kelele irudiwe, yaani kile kipande cha joka. Mjukuu hakuwepo kwenye mtambo. Nilimkuta nje, nyuma ya tanki la maji, amejiinamia analia. Baba yake alikuwa amesimama karibu naye, hajui aweke wapi mikono.

"Mama," akaniambia, "umeona mwenyewe. Nilisema mtu mmoja aogope. Wamecheza ngoma."

"Wao wamecheza, ndiyo."

"Basi makubaliano ni makubaliano. Mbeya."

"Hebu niambie kwanza. Chungu kilipoanza, kabla yule mama hajasimama, miguu yako uliiweka wapi?"

Akaanza kufuta vumbi la viatu vyake.

"Ilikuwa wapi, mwanangu? Maana nilikuwa nimekaa pembeni yako, na sakafuni sikuiona."

Mjukuu akainua uso. Mwanangu akatazama tanki la maji kana kwamba limeandikwa kitu.

"Sakafu ilikuwa baridi," akasema.

"Na viatu umevaa."

"Kilichonishtua ni chungu, mama. Siyo joka."

"Na chungu kiko wapi kama si ndani ya sinema ya mtoto?"

Alivua koti, akalivaa tena. Mwishoni akacheka, kile kicheko chake cha utotoni kinachoanzia puani. Akamwambia binti yake, "Haya. Uliniogopesha, nakubali, lakini usimwambie mama yako. Nakuacha mpaka mvua zijazo zipite. Nikirudi nikikuta joka hilo bado linachezewa ngoma, tutaongea upya."

Nilidhani mtoto atafurahi. Alijifuta kamasi kwa mkono, kumbe hasira bado anayo, na hasira yenyewe ni juu yetu sisi wachezaji.

"Bibi, kwetu hapa hakuna sauti nzito ambayo watu hawaichezei?"

Nilifikiri ngoma, watu wanacheza. Nilifikiri kinu na mchi, watu wanacheza. Nilifikiri hata kengele ya kanisa. Wifi yangu ikipigwa hutikisa bega.

"Radi," nikasema. "Radi ikipiga hapa Ufipa sijaona mtu akijifunga kanga. Kila mtu anaingia ndani."

Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole kutafuta mvua. Wakati huo mwalimu wa kwaya alikuwa anapita na kinanda begani, akasimama. Huko kwao wanasema sisi Wafipa radi tunaiunda wenyewe na kumtumia tusiyempenda.

"Nimesikia vizuri? Mnataka kutengeneza radi?"

"Tunataka kuirekodi tu, mwalimu," mjukuu akasema. "Utakuja utusaidie?"

"Na mimi ni mtu wa Mbeya nimekuja kwenu peke yangu!" Akakiweka kinanda sawa begani, akaongeza hatua. "Aaa nitawafundisha, fidla nitawapigia kwa kinanda. Hilo la radi Wafipa mtalimaliza wenyewe."