Mizani ya Shangazi Twyla na Springi za Mjomba Orval

Mjomba Orval anapenda vitu vigumu: godoro gumu, kahawa kali, na springi za injini zinazokataa kubonyea. Shevrole yao ya bluu, ile aliyomchumbia nayo shangazi Twyla, aliiwekea kemshafti ya kasi. Kemshafti ni fimbo ya chuma yenye vinundu, inayozunguka ndani ya injini. Vinundu husukuma vali, vile vimilango vya hewa na moshi, zifunguke; springi huzirudisha. Basi akanunua springi za magari ya mashindano, pacha, ndogo ndani ya kubwa.

"Hizo ndizo springi," alisema. Haukuisha mwezi, vinundu vikasagika vikawa bapa. Akalaumu oili, akaleta kemshafti nyingine.

Shangazi hakugomba. Alikata ubavu wa boksi la friji, akaandika LINAUZWA kwa rangi nyekundu, akaliegemeza mlangoni mwa gereji.

"Na kemshafti hii nayo ikiliwa, Orval, hili nalitundika kwenye kioo cha gari."

Jumamosi asubuhi springi zilikuwa mezani, zinangoja kurudishwa kwenye injini. Mjomba alizitazama mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaingia ndani, akarudi na mizani ya bafuni, akaiweka chini ya mashine ya kutobolea vyuma. Akasimamisha springi juu yake, akaibana kwa mashine mpaka kimo kile inachokuwa nacho ndani ya injini.

"Orval! Mizani yangu iko wapi?" Shangazi alitoka na taulo kichwani.

"Iko kazini."

"Inasema nini?"

Maandishi ya boksi la kemshafti yalitaka springi isukume kwa paundi mia na kumi. Shangazi akainama, akasoma mwenyewe.

"Mia na sitini na tano! Halafu mimi ndiye unayenisema kwa ajili ya pai?"

"Sijawahi kukusema."

"Macho yako yamesema. Kwa hiyo haikuwa oili?"

"Haikuwa oili, mke wangu."

Akachomoa springi ndogo, akapima ile kubwa peke yake. Mia na kumi na mbili. Mimi, niliyekuwa nikimshikia tochi, nikaona ilivyomuuma. Alizichomoa ndogo zote, akazishika kiganjani kama meno yaliyong'oka.

"Kumbe dume zima linatembelea nusu springi," shangazi akasema.

"Bora linatembea."

Alasiri injini iliwaka. Kemshafti mpya haiachiwi ingurume polepole; mjomba alikanyaga mafuta karibu nusu saa, shangazi akimwagia rejeta maji kwa mpira, majirani wakifunga madirisha. Sote tulitega sikio kwa jambo moja: tik-tik ya kinundu kinacholiwa.

Mjomba akaachia. Injini ikashuka, ikatulia.

"Nyamazeni," shangazi akasema, ingawa hakuna aliyefungua mdomo. Akasikiliza tena: hakuna tik-tik. Halafu akaliendea lile boksi la LINAUZWA, akalilaza chini ya injini kuona kama oili inavuja.

Tone moja la oili likaangukia herufi L.

"Hilo la kawaida," mjomba akasema. "Kwa umri wake."

"Hata wewe," akamjibu, na taulo lake la asubuhi bado kichwani, akakaa kiti cha abiria. "Haya, nipeleke nikale pai."