Jiwe Nyuma ya Tairi

Juzi Jumapili, baada ya ibada, nilimpa binti yangu usukani kwa mara ya kwanza. Tulitoka Vwawa taratibu, tukaacha lami, tukashika njia ya vumbi inayopanda kwenda kwetu. Katikati ya mlima gari likamzimikia. Sijui nilipatwa na nini, maana nilijikuta nimepiga kelele, "Jiwe!" na mkono uko tayari kwenye kitasa cha mlango. Binti akanitazama kama anatazama mgonjwa.

"Jiwe gani tena, mama?"

Yeye hajui habari ya jiwe hilo. Lakini wewe ngoja nikusimulie, huenda ukanielewa.

Baba alikuwa na pikapu ya bluu iliyopauka, na breki yake ya mkono ilikufa kabla sijaanza shule. Hakuna aliyejisumbua kuitengeneza. Kazi yake ilifanywa na jiwe jeusi, kubwa kama kichwa cha mbuzi, lililokaa kwenye kona ya bodi kule nyuma. Na mwenye jiwe nilikuwa mimi. Baba akisimama mlimani alipaza sauti, "Jiwe!" na kabla hajafunga mdomo nilishakuwa chini, nimelisukumia nyuma ya tairi. Nilikuwa utingo wa sketi, na nilijivuna kweli kweli.

Msimu wa kahawa ulituangukia wakati wa baridi, ile baridi ya Mbozi inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Tulichuma tangu asubuhi mpaka vidole vinanata kwa utamu wa zile kahawa mbivu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na tulipokwenda mashineni kumenya kahawa hakukubali kubaki. Alipanda juu ya magunia na birika lake la chai na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye kitenge. Ilikuwa lazima tufike siku ileile, kwa kuwa kahawa mbivu ikilala bila kumenywa inachacha.

Nilipokuwa kidato cha tatu, macho ya baba yakaanza kuingia ukungu. Kwanza akagonga kichuguu, halafu ukuta wa jirani. Mtu mmoja wa Tunduma akasikia, akaja kuipigapiga pikapu mateke kwenye tairi, akaahidi kurudi Jumamosi na fedha za kuinunua. Baba akamwambia kwamba kama mpaka siku hiyo nyumba haijapata dereva, alichukue gari. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee. Sikulala vizuri wiki ile, kwa sababu bila pikapu kahawa yetu ingeishia kwa walanguzi wanaopita mashambani, na mimi ningekuwa utingo wa nini?

Ijumaa asubuhi baba alinirushia ufunguo. "Mama," aliniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, "leo unaendesha wewe."

Kama hujawahi kushika usukani, nikuambie ukweli ambao hakuna aliyeniambia mimi. Mguu wa kushoto utatetemeka juu ya klachi, na kadiri unavyoukaripia ndivyo unavyozidi. Barabara uliyoizoea tangu utoto itakuwa nyembamba ghafla. Mwalimu wako atasema "polepole" huku yeye mwenyewe ameshikilia dashibodi kwa nguvu. Na utatokwa jasho hata kwenye baridi ya Juni.

Kwenye tambarare nilijitahidi. Kuku walikimbia, bibi akaimba wimbo wa kanisani huko juu ya magunia. Kisha tukaanza mlima, korongo likiwa kushoto kwetu. Nikachelewa kubadili gia. Gari likatikisika, likazima. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Hapo ndipo baba, kwa mazoea ya miaka yote, akapaza sauti: "Jiwe!"

Na mimi, kwa mazoea yaleyale, nikaruka chini.

Gari likaanza kurudi nyuma. Mle ndani baba alihangaika kuifikia breki, goti limenasa kwenye gia. Nilikimbia kando ya bodi nikilia, na bibi alishalishika jiwe, akaniachia mikononi. Nikalitupa nyuma ya tairi. Tairi likalipanda nusu, likasita, likarudi likatulia. Korongo lilikuwa hatua chache tu.

Baba alishuka, akaja akalipapasa lile jiwe kwa kiganja. Nilijua sasa yamekwisha na gari linakwenda Tunduma.

"Kosa langu," alisema. "Nimekuita utingo, kumbe wewe ni dereva. Rudi kwenye usukani."

"Baba, siwezi."

"Rudi. Leo jiwe nitashika mimi. Ukiondoka usisimame mpaka juu."

Akainama pale nyuma ya tairi, mkono mmoja juu ya jiwe. Niliporudi kwenye usukani nilimwona kwenye kioo. Ningekosea, gari lingemrudia yeye. Sijawahi kuogopa vile tena maishani, hata siku ya kujifungua.

"Washa, mjukuu wangu," bibi akasema kutoka juu. "Kahawa inachacha, na chai yangu imeshamwagika."

Nikawasha. Nikaachia klachi polepole mpaka gari likaanza kuhema, nikaongeza mafuta, likapanda. Nilipofika juu nikatazama kioo. Baba alikuwa anapanda mlima kwa miguu, taratibu, jiwe amelikumbatia kifuani. Jumamosi mtu wa Tunduma aliondoka kama alivyokuja.

Leo baba hayupo, bibi hayupo. Pikapu ilizeeka ikauzwa vipande vipande, na mlima wenyewe umechongwa na greda mpaka umekuwa mpole. Jiwe sijui liliachwa wapi. Natamani kuisikia tena ile sauti ikiniita, natamani sana.

Binti bado alikuwa ananingoja, mikono kwenye usukani. Gari letu ni la kisasa, linajishikilia lenyewe mlimani. Nikashuka hata hivyo, nikaenda kusimama nyuma ya tairi.

"Mama, unafanya nini huko nyuma?"

"Washa gari," nikamwambia. "Usisimame mpaka juu."

Akawasha, likaondoka. Nami nikaupanda mlima kwa miguu, mikono mitupu.